Berlin hadi Praha mkiwa na mama na mtoto: treni, basi au gari?

Swali la msomaji: Mimi ni Mtanzania, niko Berlin (Neukölln) kwa mafunzo ya uuguzi, huu ni mwezi wa nane. Mke wangu na mtoto wetu wa miaka 4 wako nami. Mama yangu, mwenye miaka 67, anakuja kututembelea Julai kwa viza ya Schengen anayoomba ubalozi wa Ujerumani. Tunataka kumpeleka Praha, tulale usiku mbili. Magoti yanamsumbua. Kazini wengine wananiambia tukodi gari, wengine basi, na treni wanasema ni ghali halafu inachelewa. Leseni ya Tanzania ninayo. Tupande nini?

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na hilo uliloliweka mwishoni kana kwamba ni dogo: leseni. Mtu aliyehamia Ujerumani anaruhusiwa kutumia leseni ya kwao kwa miezi sita tu tangu aanze kuishi hapa. Wewe uko mwezi wa nane. Leseni yako inaweza kuwa na miaka mitatu mbele yake kabla ya kuisha, lakini kwa sheria ya hapa wewe kwa sasa huna leseni. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, kwa hiyo itabidi ufanye wa nadharia na wa vitendo ndipo upate ya Kijerumani. Ile hati ya kimataifa ya udereva nayo haiongezi hata siku moja, kwa sababu inategemea leseni ambayo muda wake wa kutumika hapa umeshapita.

Na kuendesha bila leseni halali Ujerumani si kosa la kulipa faini ukaenda zako. Ni jinai. Mtu mwenye kibali cha ukaazi cha mafunzo hapaswi hata kulikaribia. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kampuni ya kukodisha inaweza kukupa funguo bila kukuuliza ulihamia lini. Gari utapewa, na siku ya ajali watu wa bima ndio watakaouliza. Hesabu hiyohiyo inamhusu mke wako kuanzia siku aliyohamia yeye.

Kwa hiyo gari linabaki mezani endapo tu mna mtu wa kuwaendesha mwenye leseni ya Ujerumani au ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Nitalirudia, kwa sababu kuna safari ambazo gari ndilo jibu sahihi, na najua hao wa kazini hawataacha kukushawishi.

Sasa safari yenyewe. Kwa barabara ni kama kilomita 350. Treni ya moja kwa moja hutumia saa nne na dakika kadhaa. Basi ni saa nne na nusu hadi tano likienda vizuri. Gari, njia ikiwa nyeupe, saa tatu na nusu hadi nne. Unaona mwenyewe tofauti hazifiki mbali, na ukihesabu kuanzia mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa hoteli zinazidi kupungua. Ndiyo maana mtu akiniuliza kipi kina kasi kwenye njia hii huwa simjibu. Namuuliza anasafiri na nani. Wewe una mwanamke mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka minne, na wote wawili wanataka kitu kimoja: nafasi ya kusimama, kutembea kidogo na kwenda chooni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hapo treni inaanza kushinda kabla hatujagusa nauli.

Treni za Berlin na Praha huendeshwa kwa ushirikiano wa Deutsche Bahn ya Ujerumani na České dráhy ya Ucheki, na kwa kawaida hutoka kila baada ya saa mbili kutwa nzima. Zinaanzia Berlin Hauptbahnhof, au zinapitia hapo zikitokea Hamburg, kwenye majukwaa ya chini kabisa ya stesheni ile. Lakini wewe usiende huko. Stesheni ile ina ghorofa nyingi, watu wanakimbizana, na mama atachoka kabla hajaona treni. Treni nyingi za njia hii husimama pia Südkreuz, na kutoka Neukölln hadi Südkreuz ni vituo vitatu kwa S-Bahn ya mzunguko, ile treni ya mjini: Hermannstraße, Tempelhof, Südkreuz. Kuna lifti hadi kwenye jukwaa. Unapokata tiketi, andika Südkreuz kama mahali pa kupandia, na hakikisha treni uliyochagua inasimama hapo tarehe ile, maana majira ya joto ndiyo wakati wa mafundi wa reli na ratiba hubadilishwa.

Baada ya saa mbili hivi mnafika Dresden. Mpaka hapo dirishani hakuna cha maana: misonobari na mashamba tambarare. Mama akitaka kusinzia, asinzie. Ila treni ikitoka Dresden mwamshe. Kuanzia Pirna reli inashuka hadi ukingoni mwa mto Elbe na kuufuata karibu hatua kwa hatua mpaka ng'ambo ya mpaka, ambako Wacheki wanauita Labe. Kulia na kushoto kuna majabali ya mawe ya mchanga yaliyosimama wima kama kuta. Kuna ngome ya Königstein juu ya mwamba mmoja mpana, kuna vivuko vidogo vinavyovusha watu mto, kuna nyumba zilizobanwa kati ya reli na maji. Kisha Bad Schandau, kisha Děčín ambapo mnakuwa Ucheki, kisha karibu na mji wa Ústí nad Labem mtaona magofu ya ngome ya Střekov juu ya jabali ng'ambo ya mto. Treni inakwenda polepole humo kwa sababu ya kona, na hakuna atakayelalamika. Mkienda Praha mto uko kushoto kwenu, mkirudi uko kulia. Chagueni viti kwa hesabu hiyo.

Jambo la viti lina mtego kwa mgeni. Kwenye SGR ya Dar na Dodoma kila tiketi ina behewa na namba ya kiti. Hapa tiketi na kiti ni vitu viwili. Ukinunua tiketi peke yake una haki ya kupanda, huna haki ya kukaa. Njia hii haikulazimishi kuweka nafasi ya kiti, na wenyeji wengi hawaweki, lakini Julai, wakati wa likizo, nimeona watu wakisafiri wamekalia mabegi kwenye korido mpaka Dresden. Ukiwa na mama wa miaka 67 hilo si la kujaribu. Lipeni hizo euro chache za kila kiti, mchukue viti vinne pamoja, ikiwezekana vyenye meza katikati. Kiti cha mtoto kiwekeeni pia hata kama yeye hadaiwi nauli, la sivyo atawakalia mapajani saa nne. Mabehewa ya zamani zaidi yana vyumba vya watu sita vyenye mlango wa kioo, na familia ikipata chumba hicho imepata sebule. České dráhy imeanza pia kuleta mabehewa mapya inayoyaita ComfortJet, yenye sehemu ya kuchezea watoto.

Halafu kuna behewa la chakula. Nalitaja kwa makusudi, maana kwenye njia nyingi za Ulaya siku hizi behewa la chakula ni mtu mmoja anauza sandwichi baridi. Treni za Kicheki bado zina jiko. Unakaa mezani, unaletewa sahani ya kaure na nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa krimu, pembeni vipande vya knedlíky, mkate laini uliopikwa kwa mvuke au kwa maji ya moto ambao mama atausifia au ataucheka, mojawapo. Bei ni ya mgahawa wa kawaida, si ya kuwakomoa abiria. Kama hamli nguruwe ulizeni kabla ya kuagiza, kwa sababu nyama hiyo ni ya kawaida sana kwenye menyu zao.

Hao wanaosema treni inachelewa hawajakosea. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na "kwa wakati" kwa hesabu yao ni kuchelewa chini ya dakika sita. Ila kwako ucheleweshaji una uzito tofauti. Anayeumia ni yule mwenye treni ya kuunganisha Dresden, na ninyi mnapanda moja kwa moja, hamuungi popote. Dakika 40 za kuchelewa mkiwa mmekaa vitini, choo kipo na chai ipo, ni dakika 40 tu. Zaidi ya hapo sheria ya Umoja wa Ulaya inawalinda: mkifika mmechelewa saa moja au zaidi mnarudishiwa asilimia 25 ya nauli, saa mbili au zaidi asilimia 50. Tunza tiketi, jaza fomu mtandaoni, usiwaachie hela zenu.

Usafiri wa basi nitausema kwa kifupi kwa sababu unaujua. Mabasi ya FlixBus ni mengi kutwa nzima, na kampuni ya Kicheki ya RegioJet, ile ya mabasi ya njano, nayo imekuwa ikihudumia njia hii. Hutoka kwenye stendi kuu ya Berlin iliyo upande wa magharibi karibu na viwanja vya maonyesho, na mengine husimama Südkreuz au uwanja wa ndege. Chagueni la Südkreuz, la sivyo mtavuka jiji zima kwanza. Praha yanafika stendi ya Florenc, ambayo iko katikati ya mji, kituo kimoja tu cha metro kutoka stesheni kuu ya treni. Kwa hiyo upande wa kufikia basi halina kasoro.

Kasoro iko ndani. Ngazi za kuingilia zina mwinuko, na kama basi ni la ghorofa mpe mama kiti cha chini. Choo kipo, kidogo, mara nyingi mwishoni mwa vijingazi vya katikati ya basi ambavyo mtu mwenye magoti mabovu hushuka kinyumenyume, tena basi likiwa kwenye mwendo. Kusimama njiani kuchimba dawa si jambo la kumwomba dereva. Anasimama palipoandikwa kwenye ratiba, pengine Dresden, kisha anaondoka. Mizigo ina vipimo: FlixBus inaruhusu begi moja la hadi kilo 20 kwenye buti na mkoba mmoja wa hadi kilo 7 ndani. Kwa usiku mbili inatosha, ila kama mama atatoka huko na zawadi za ukoo mzima, upime.

Sasa pesa, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanalinganisha nauli ya mtu mmoja. Basi la mtu mmoja karibu kila mara ni rahisi kuliko treni. Lakini mtoto chini ya miaka 6 kwenye treni hadaiwi nauli, na kwenye basi anahitaji kiti chake na tiketi yake. Tufanye hesabu ya mfano. Basi kwa euro 20 kwa kila mtu, watu wanne, kwenda na kurudi: euro 160. Treni kwa euro 25 kwa kila mtu mzima, watu wazima watatu, kwenda na kurudi: euro 150. Ongeza viti vinne kila upande, tuseme euro 30 zote, unapata 180. Tofauti ya familia nzima ni euro 20, na kwa hizo mama amepata choo kinachofikika, meza na mto Elbe.

Hesabu hiyo inasimama ukikata mapema tu. Nauli za kuwahi za treni huanzia chini ya euro 20 kwa mtu, kisha zinapanda kadiri viti vya bei hiyo vinavyoisha, na ile nauli ya siku yenyewe isiyo na masharti inaweza kuwa mara tatu au nne. Anayekuambia treni ni ghali aliinunua asubuhi ya safari. Kingine ambacho watu wengi hawakijui: treni ni moja, wauzaji ni wawili. Deutsche Bahn wana mgao wao wa tiketi za bei ya chini na České dráhy wana wao, na mgao wa mmoja unaweza kuisha mwingine bado anazo. Fungua tovuti zote mbili, weka tarehe ileile, linganisha. Mara nyingi Wacheki ndio wanakuwa chini, hasa siku za katikati ya wiki. Epuka Ijumaa mchana na Jumapili jioni, kwa bei na kwa msongamano.

Lakini usikate leo. Umesema viza ya mama bado inaombwa. Tiketi za bei ya chini kabisa hazirudishiwi pesa na zimefungwa kwenye treni ileile uliyochagua. Kuna ngazi ya pili, ghali kidogo, ambayo ukiifuta mapema unarudishiwa sehemu. Subiri viza itoke, au nunua hiyo ya pili.

Turudi kwenye gari, tuseme una rafiki mwenye leseni halali na yuko tayari. Njia ni A13 hadi Dresden, kipande kifupi cha A4, kisha A17 hadi mpakani, na ng'ambo inakuwa D8 hadi Praha. Ni barabara nzuri mwanzo hadi mwisho tangu Desemba 2016, Wacheki walipomaliza kipande cha milimani kilichokuwa kimewashinda miaka mingi. Ujerumani magari madogo hayalipi kwenye barabara kuu. Ucheki yanalipa, kwa stika ya kielektroniki inayonunuliwa mtandaoni kwa namba ya gari, na hakuna cha kubandika kiooni. Inunueni kabla ya kuvuka mpaka kwenye tovuti rasmi ya serikali, kwa sababu kuna tovuti za madalali zinazoongeza chao juu. Ya siku kumi ni kama euro 12. Taa za mbele ziwake hata mchana kweupe. Pombe kwa dereva Ucheki ni sifuri, si bia moja. Na mtoto lazima awe na kiti chake cha gari kwa sheria za nchi zote mbili.

Gharama zake kwa mfano: kukodi siku tatu kwa euro 50 ni 150. Kilomita 700 kwenda na kurudi, gari likila lita 7 kwa kila kilomita 100, ni lita 49, na kwa euro 1.70 kwa lita unafikia kama 83. Stika 12. Maegesho ya hoteli Praha mara nyingi ni euro 20 na zaidi kwa usiku, kwa hiyo weka 45. Umeshafika 290, kiti cha mtoto cha kukodi bado, amana inayozuiwa kwenye kadi bado, na rafiki naye anahitaji mahali pa kulala. Kumbuka pia kuiambia kampuni kwa maandishi kwamba gari linakwenda Ucheki, maana baadhi ya mikataba huzuia aina fulani za magari kuvuka upande huo, na ukivuka bila idhini bima inakosa nguvu.

Ukifika Praha gari linageuka mzigo. Katikati ya mji maegesho ya mitaani yamegawanywa kwa rangi, na yenye mstari wa buluu ni ya wakazi. Mgeni mwenye akili huliacha kwenye maegesho ya pembezoni yaliyo kando ya metro, kama Letňany, kisha anaingia mjini kwa treni ya chini. Yaani umelipia gari ili upande metro.

Gari ningelikubali kwa safari nyingine: kama mngetaka kulala usiku mmoja kwenye vijiji vya majabali yale ya Elbe, mkatembee daraja la Bastei, kesho yake mpite Terezín, mji wa ngome ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi wakati wa vita, ndipo mfike Praha jioni. Safari ya namna hiyo basi haliwezi, na treni inaiweza kwa taabu. Safari yenu ya mlango hadi mlango haihitaji gari.

Kuna jambo moja linalobadilisha ushauri wangu kati ya kwenda na kurudi: mpaka. Ucheki imo ndani ya eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007, kwa hiyo viza ya mama, hata ikiwa ya kuingia mara moja, inamtosha kwenda na kurudi, kwa kuwa Praha si kutoka nje ya Schengen. Kibali chako cha ukaazi na pasipoti vinakutosha nawe. Lakini Ujerumani tangu Septemba 2024 imekuwa ikikagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na wanaokaguliwa ni wanaoingia Ujerumani. Kwa maneno mengine mkienda hakuna shida kubwa, mkirudi ndipo kuna askari.

Kwenye treni askari hupanda maeneo ya Bad Schandau, wanapita behewa kwa behewa, na mara nyingi wanamaliza treni ikiwa imeshaondoka. Basi wanaliondoa barabarani, wanaliegesha, wanakusanya hati za abiria wote, na mtu mmoja akiwa na karatasi yenye walakini ninyi wengine 50 mnamsubiri. Inaweza kuwa dakika 15, inaweza kuwa saa nzima, na mama amekaa. Kwa hiyo kama lazima mbane matumizi, mkienda pandeni basi na mkirudi pandeni treni. Naona watu wakifanya kinyume: treni ya kwenda kwa sababu wana hamu ya safari, basi la kurudi kwa sababu hela zimeisha.

Kila mtu abebe pasipoti yake halisi, mtoto pia, na kadi zenu za ukaazi. Picha kwenye simu haikubaliki. Na nikuambie wazi, usishangae ninyi mkiulizwa hati na familia ya kiti cha jirani isiulizwe. Inatokea, inaudhi, na haina maana mmekosa. Mwandae mama mapema ili asidhani kuna balaa: askari akija, ampe pasipoti, na wewe ukae karibu umtafsirie.

Mkiwa kwenye basi na likachelewa kuondoka zaidi ya saa mbili, au likafutwa, sheria ya Ulaya kwa safari za kilomita 250 na zaidi inailazimisha kampuni iwape chaguo: kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine. Wasipowapa chaguo hilo, wanadaiwa nyongeza ya nusu ya nauli juu yake. Madereva wengi hawalijui hili, kwa hiyo msibishane nao stendi. Andikeni kwa kampuni baadaye mkiwa na picha ya ubao wa matangazo ulioonyesha saa.

Kwa hiyo kwa familia yako: treni kwenda na kurudi, Jumanne au Jumatano, ile ya asubuhi kati ya saa mbili na saa nne kwa saa za Kiswahili, ili mfike Praha mchana na mama apate muda wa kulaza miguu. Treni nyingi husimama kwanza Praha-Holešovice, msishuke hapo kwa haraka. Shukeni Praha hlavní nádraží, ndiyo stesheni kuu, na metro ya mstari C iko chini yake. Chagueni hoteli iliyo karibu na tramu, kwa sababu mitaa ya mji mkongwe ina mawe ya kukanyagia yasiyo sawa na yatayamaliza magoti yale kuliko safari yote ya treni. Koruna msibadilishe kwa mtu wa barabarani hata akitaja bei tamu kiasi gani. Kadi inalipa karibu kila mahali, hata ndani ya tramu.

Mfikishie mama shikamoo yangu. Viza ikitoka, nitumie tarehe na idadi ya mabegi, nikuangalizie behewa lililo jirani na la chakula, asitembee mbali.